Tuambiwe riba na michoro, si bei ya kinu peke yake

Mhariri,

Kila mkataba wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia unapotiwa saini, habari hubeba takwimu mbili: megawati na mabilioni ya dola. Msomaji hufunga gazeti akiamini amejua bei. Hajaijua. Yale mabilioni mara nyingi ni gharama ya ujenzi kana kwamba kituo kimejengwa kwa usiku mmoja: chuma, zege, mitambo na mishahara, bila senti ya riba. Na riba ndiyo inayoamua kama umeme huo utanunulika.

Tupige hesabu. Chukua kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kinachogharimu dola bilioni 5 bila riba. Fedha zitumike sawasawa kila mwaka kwa miaka 6, na mkopo uwe wa asilimia 8. Siku kinu kinapowashwa, deni limeshafika dola bilioni 6.35. Lilipe kwa miaka 30, kinu kikifanya kazi kwa asilimia 90 ya uwezo wake, yaani kilowati-saa bilioni 7.9 kwa mwaka. Kila kilowati-saa inabeba senti 7.2 za Marekani za deni tu, kabla hujanunua urani wala kumlipa fundi. Sasa ujenzi uleule uchukue miaka 12 badala ya 6, bila kuongeza hata mfuko mmoja wa saruji. Deni linafika bilioni 8.2 na mzigo unakuwa senti 9.3. Kisha ugeuze: mkopo uwe wa asilimia 3 na kazi iishe kwa miaka 6. Deni ni bilioni 5.5, mzigo ni senti 3.5. Kinu ni kilekile, kimechorwa na mhandisi yuleyule, lakini mlaji mmoja analipa zaidi ya mara mbili na nusu ya mwenzake.

Na hesabu hiyo ni ya huruma. Imechukulia kwamba ujenzi ukichelewa hakuna kinachoongezeka ila riba. Ukweli ni kwamba ujenzi ukisimama, winchi za kukodi zinaendelea kulipiwa, walinzi wapo, wahandisi wa ubora wapo, na mafundi wa kulehemu waliokwisha kupewa vyeti lazima washikiliwe. Ukiwaachia, kuwapata tena wengine wenye sifa zao ni kazi ya miezi.

Mifano ipo wazi. Vinu viwili vya Vogtle, jimbo la Georgia nchini Marekani, vilikadiriwa kwa dola bilioni 14 na vilitarajiwa kuwaka 2016 na 2017. Kimoja kilianza kazi ya kibiashara Julai 2023, cha pili Aprili 2024, na gharama ilikuwa imevuka bilioni 30. Flamanville 3 ya Ufaransa ilimwagiwa zege la kwanza Desemba 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3. Iliunganishwa na gridi tarehe 21 Desemba 2024, na mahakama ya ukaguzi wa hesabu ya nchi hiyo ikatoa hesabu ya takriban euro bilioni 23.7 ukijumlisha gharama za mtaji. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza 2005 ikisemekana itawaka 2009. Iliingia kwenye uzalishaji wa kawaida Aprili 2023.

Olkiluoto inatufundisha jambo la ziada, kwa sababu mkataba wake ulikuwa wa bei isiyobadilika, takriban euro bilioni 3, mjenzi akabidhi kituo kilichokamilika na mnunuzi awashe. Wengi hudhani mkataba wa namna hiyo humwachia mjenzi hatari yote. Haukumwachia. Pande mbili zilishtakiana kwa miaka mingi, na mwaka 2018 zikapatana kwamba mnunuzi alipwe euro milioni 450, kiasi kilicho chini sana ya fidia aliyokuwa akiidai. Kampuni ya Areva ya Ufaransa, mjenzi mkuu wa kinu hicho, ililemewa na hasara hadi serikali ya Ufaransa ikalazimika kuiunda upya. Bei isiyobadilika ina maana pale tu aliyeiahidi anapoweza kubeba hasara bila kuanguka.

Kwa nini miradi hii iliteleza? Watu wengi huinyooshea kidole mamlaka ya udhibiti: masharti mengi, makaratasi mengi, wakaguzi wasioridhika. Tuliangalie dai hilo kwa karibu, maana ndilo linaloweza kuzipeleka nchi pabaya.

Anza na zege. Msingi wa kinu ni bamba nene lililosukwa nondo nyingi, na zege lake huidhinishwa kwa mchanganyiko maalumu: aina ya saruji, ukubwa wa kokoto, na hasa uwiano wa maji na saruji. Fundi wa kawaida akiona zege ni zito halipiti vizuri kwenye pampu, huongeza maji. Kwenye ghorofa la kawaida huenda kosa hilo lisionekane. Kwenye kinu ni balaa, kwa sababu maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu vidogo vidogo, na kupitia vitundu hivyo chumvi ya bahari na unyevu hufika kwenye nondo za jengo linalotakiwa kuishi miaka 60. Huko Olkiluoto zege la msingi lilitoka na uwiano usio sawa na ulioidhinishwa. Mdhibiti wa Finland, STUK, alichunguza, na ripoti yake ya 2006 ilionyesha mzizi wa tatizo: wakandarasi wadogo hawakuelezwa vya kutosha tofauti ya kazi ya nyuklia na kazi nyingine za ujenzi. Aliyesimamia mtambo wa kuchanganya zege hakujua uzito wa kile alichokuwa anachanganya.

Nenda Flamanville. Mabomba makuu ya mvuke yalibuniwa kwa kiwango cha juu kiasi kwamba uwezekano wa bomba kupasuka uliondolewa kabisa kwenye hesabu za usalama. Ukishaondoa uwezekano huo, hujengi kinga za kupambana na mpasuko. Lakini kwa hiyo kila kiungio cha kulehemu lazima kiwe bora kupita kiwango cha kawaida cha viwandani. Sharti hilo halikufika ipasavyo kwa mkandarasi aliyelehemu. Kasoro zilipothibitishwa, viungio vinane vilikuwa vimeshafungiwa katikati ya kuta mbili za jengo la kinu, mahali mtu hawezi kuvifikia kwa urahisi. Mwaka 2019 mdhibiti akaamua virekebishwe. Ilibidi roboti zibuniwe na kupitishwa ndani ya mabomba yenyewe zikate na kulehemu upya, kazi iliyochukua miaka. Viungio hivyo vingekataliwa siku vilipolehemiwa, hasara ingekuwa ya wiki chache.

Vogtle nako, mwaka 2021, wakaguzi walikuta kebo za mifumo ya usalama hazikutenganishwa vya kutosha na kebo za kawaida. Sharti la kuzitenganisha lina sababu nyepesi kueleweka: moto ukizuka kwenye njia moja ya kebo, usiteketeze na ile ya akiba. Kazi ikarudiwa.

Ukiitazama mifano hii mitatu utaona kwamba mdhibiti hakuzua gharama. Aliikuta imeshafanyika. Iliingia pale michoro ilipoanza kutumika kabla haijakamilika, na pale masharti yalipopotea njiani kutoka kwa mbunifu kwenda kwa mkandarasi mkuu, kwa mkandarasi mdogo, hadi kwa fundi aliyeshika tochi ya kulehemu. Olkiluoto na Vogtle zote zilianza ilhali michoro ya kina bado inachorwa. Katika ujenzi wa nyumba unaweza kuhamisha dirisha ukuta ukiwa nusu. Katika kinu, bomba likihama sentimita chache linahamisha kishikilio chake, kishikilio kinahamisha bamba la chuma lililozikwa ukutani, bamba linahamisha nondo, na kila badiliko linataka hesabu mpya za tetemeko, saini mpya, na pengine marekebisho ya leseni.

Upande wa pili nao una hoja yake. Mwaka 2024, EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa inayojenga kituo cha Hinkley Point C nchini Uingereza, ilieleza kwamba kuurekebisha muundo wa kinu chake ulingane na matakwa ya Uingereza kulihitaji mabadiliko 7,000, chuma zaidi kwa asilimia 35 na zege zaidi kwa asilimia 25. Makadirio yalipanda kutoka pauni bilioni 18 hadi kati ya 31 na 35, yote kwa bei za 2015. Tukubali kwamba muundo uliokwisha kupata leseni nchi moja ukivushwa mpaka na kuchorwa upya, unakuwa kinu kipya chenye jina la zamani. Lakini tiba yake haimo katika kumnyamazisha mdhibiti. Mnunuzi achague kinu ambacho tayari kinawaka mahali pengine, achukue viwango vya uhandisi vya huko vilivyo, na mabadiliko yabaki yale yanayolazimishwa na eneo: joto la maji ya kupozea, vumbi, tetemeko, mafuriko.

Ndivyo walivyofanya Falme za Kiarabu. Mamlaka yao ya udhibiti, FANR, iliundwa kwa sheria mwaka 2009, na mkataba wa vinu vinne vya Barakah ukatiwa saini na Wakorea Desemba mwaka huohuo. Ombi la leseni ya kujenga vinu viwili vya kwanza liliwasilishwa mwishoni mwa 2010, na leseni ikatoka Julai 2012, ingawa katikati yake ilitokea ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Waliwezaje? Walichukua kinu mfano cha Korea Kusini, wakatumia uchambuzi uliokwisha kufanywa na wataalamu wa udhibiti wa Korea, nguvu yao wakaielekeza kwenye tofauti. Lakini hata wao walinaswa. Ujenzi wa kinu cha kwanza ulitangazwa kukamilika 2018, leseni ya kukiendesha ikatoka Februari 2020. Karibu miaka miwili zege na chuma vilikuwa vinawangoja watu: waendeshaji walikuwa hawajawa tayari. Mafunzo ya mwendesha kinu huchukua miaka, kwa hiyo huanza ujenzi ukiwa bado unaendelea, na kiigizio cha chumba cha kuongozea kinu, kile cha kufanyia mazoezi, lazima kifike mapema sana. Bajeti nyingi huandika kifaa hicho ukurasa wa mwisho.

Wakorea hao hao walipata somo chungu nyumbani. Mwaka 2013 ilibainika kwamba vyeti vya majaribio ya kebo za usalama vilighushiwa, zikiwemo za Shin Kori 3, kituo kilekile kilichokuwa mfano wa Barakah. Kebo ziling'olewa, mpya zikawekwa mahali pake. Anayeshauri kwamba mdhibiti mchanga ategemee vyeti vya muuzaji ili kuokoa muda aitafakari habari hiyo. Cheti kinathibitishwa kwa mkaguzi kwenda kiwandani na kuchagua mwenyewe kipande cha kujaribiwa.

Kuhusu mahali mdhibiti anapokaa, Japani imeshalipa gharama ya jibu. Kabla ya 2011 wakala wake wa usalama wa nyuklia ulikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikiipigia debe nishati hiyo. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Tume ya uchunguzi ya bunge lao ilisema mwaka 2012 kwamba maafa ya Fukushima yalisababishwa na binadamu, na wakala huo ukavunjwa. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Nyuklia wa 1994 unataka kazi ya kudhibiti itenganishwe na kazi ya kuendeleza nishati hiyo. Kipimo chepesi cha kuona kama sharti hilo linatimizwa ni kuuliza: nani anamteua mkuu wa mamlaka, nani anaweza kumfukuza, na mishahara ya wakaguzi inatoka mfuko gani? Kama majibu yote matatu ni waziri wa nishati, basi mdhibiti hayupo.

Marekani sasa inapunguza muda wa kutoa leseni. Sheria ya Julai 2024 ilipunguza ada ambayo mdhibiti huwatoza kwa saa waombaji wa leseni za vinu vya kisasa, na amri ya rais ya Mei 2025 ilitaka maamuzi ya leseni za vinu vipya yasizidi miezi 18. Kuweka kikomo ni jambo jema endapo ombi linakuja limekamilika. Ombi likija na michoro nusu, kikomo hicho kitamlazimisha mkaguzi aidhinishe asichokiona, na kasoro itarudi kama viungio vya Flamanville.

Kwa vinu vidogo, ambavyo vinauzwa kwa maneno matamu, itoshe kutaja mradi mmoja. Kampuni ya NuScale ya Marekani ilitumia zaidi ya dola milioni 500 kuandaa ombi la kuidhinishiwa muundo wake, ikaidhinishwa. Mradi wake wa kwanza wa megawati 462, uliokuwa ujengwe Idaho, ulipanda kutoka dola bilioni 5.3 hadi 9.3, bei lengwa ya umeme ikatoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa, na Novemba 2023 ukafutwa. Udogo hauondoi riba, wala walinzi, wala chumba cha kuongozea. Faida yake itaonekana siku kiwanda kitakapotoa cha kumi kinachofanana na cha tisa.

Turudi kwenye mikataba ya fedha, maana hapo ndipo pesa za wananchi zinapofungwa kimya kimya. Misri inajenga vinu vinne El Dabaa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25, riba ya asilimia 3. Ukilinganisha na hesabu ya mwanzo, riba hiyo ni nzuri kweli. Lakini mkopo kama huu una mambo mawili yasiyosemwa sana: deni ni la fedha za kigeni ilhali bili za umeme hulipwa kwa fedha za ndani, na marejesho yalipangwa kuanza 2029, tarehe iliyo kwenye kalenda. Kinu kikichelewa, kalenda haichelewi. Uturuki ilichagua njia nyingine huko Akkuyu: Warusi wajenge, wamiliki na waendeshe, na Uturuki inunue sehemu ya umeme kwa senti 12.35 za dola kwa kilowati-saa kwa miaka 15. Hakuna mkopo kwenye vitabu vya serikali, ila bei ya dola imefungwa. Uingereza iliiahidi Hinkley pauni 92.50 kwa megawati-saa kwa bei za 2012, ipande na mfumuko wa bei kwa miaka 35. Kwa kituo kingine, Sizewell C, imebadili: mlaji anaanza kuchangia kwenye bili wakati ujenzi ukiendelea, jambo linaloshusha riba lakini linamgeuza mlaji kuwa mwekezaji asiye na hisa. Jimbo la Carolina Kusini, Marekani, lilitumia njia inayofanana na hiyo. Vinu viwili vya V.C. Summer viliachwa Julai 2017 baada ya dola bilioni 9 hivi kutumika, bila kutoa hata kilowati-saa moja, na wateja wakaendelea kulipa. Aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme yenye mradi huo alihukumiwa kifungo cha miaka 2 mwaka 2021 kwa kuficha hali halisi ya ujenzi.

Mambo mawili zaidi hukosekana kwenye bei. La kwanza ni gridi. Kanuni ya kawaida ya wahandisi ni kwamba kinu kimoja kisizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi yote, maana kikizima ghafla kitaangusha mtandao mzima. Kinu cha megawati 1,200 kwa hiyo kinataka gridi ya megawati 12,000 hivi, pamoja na njia za kuutoa umeme na njia za kukiletea umeme kinapozima, kwa kuwa mafuta ndani yake huendelea kuhitaji kupozwa. Bangladesh, huko Rooppur, ilijikuta njia za kuvusha umeme juu ya mito zikiwa nyuma ya kinu chenyewe.

La pili ni fidia. Itifaki ya 1997 ya Mkataba wa Vienna, unaohusu fidia za ajali za nyuklia, inaweka kiwango cha chini cha fidia ambacho ni sawa na takriban dola milioni 400. Serikali ya Japani mwaka 2016 ilikadiria gharama za Fukushima kwa yeni trilioni 21.5. Pengo hilo hubebwa na serikali, yaani walipa kodi, na muuzaji wa kinu kwa kawaida hujitoa kwa kifungu cha mkataba. Mahakama Kuu ya Western Cape ilipobatilisha makubaliano ya nyuklia kati ya Afrika Kusini na Urusi tarehe 26 Aprili 2017, sababu mojawapo ilikuwa kwamba makubaliano yenye mzigo wa namna hiyo yaliwekwa mezani bungeni kwa kifungu kisichohitaji kibali cha wabunge.

Kwa hiyo, Mhariri, mkataba mwingine ukitangazwa, tunaomba waandishi wako wasirudi na megawati na mabilioni peke yake. Waulize riba ni asilimia ngapi, kwa fedha gani, na marejesho yanaanza lini. Waulize michoro ya kina imekamilika kwa asilimia ngapi siku ya zege la kwanza, na kinu mfano kinawaka wapi. Waulize mdhibiti ana wakaguzi wangapi wa kulehemu na wa zege walio kwenye ajira yake mwenyewe, wasioazimwa kutoka kwa muuzaji. Na waombe ukurasa wa fidia usomwe bungeni, neno kwa neno, kabla kalamu haijagusa karatasi.